Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikubali Ifutwe Kabla ya Kuikagua

Uwe Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au kwenye makazi mengine yoyote ya wakimbizi, leo tunazungumza habari ya kompyuta, au ordinateri kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, ambayo jana ilifanya kazi vizuri na leo imekataa kuwaka. Maneno haya tumeyachapisha pia, ili uyabandike ukutani kwenye darasa la kompyuta, ofisi ya kikundi au kibanda cha kuchajia simu. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Nianze na kisa kimoja. Mimi ni fundi, na nimetengeneza kompyuta chini ya turubai kwa miaka kadhaa. Siku moja alinijia mama mmoja na laptopu aliyoifunga ndani ya kitenge. Alikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hesabu zote za kikundi zilikuwa humo: nani ameweka hisa ngapi, nani amekopa, nani amerudisha. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu wagawane fedha zao za mwaka. Fedha zenyewe zilikuwa salama ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, lakini hapakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kila mtu ana kiasi gani. Na watu walikwisha kuanza kunong'ona kwamba huenda katibu ameiharibu kompyuta makusudi ili afiche jambo.

Fundi wa kwanza alikuwa amemwambia: "Mama, hii imekufa. Lazima tuifute yote, tuweke Windows mpya." Mama akauliza: "Na hesabu za watu?" Akajibiwa: "Hizo zimekwenda." Yule mama akaichukua laptopu yake akaondoka nayo. Nami namshukuru kwa uamuzi huo. Nilifungua mfuniko wa chini, nikachomoa kadi ya kumbukumbu, ile inayoitwa RAM, nikaifuta vumbi na kuirudisha. Kompyuta ikawaka. Hesabu zote zilikuwemo, hazikupotea hata mstari mmoja.

Simsemi vibaya fundi yule. Kufuta kila kitu na kuanza upya ni njia ya haraka, na mara nyingine kweli ndiyo dawa. Lakini ni dawa ya mwisho. Kompyuta nyingi zinazoitwa mfu zina tatizo la umeme, la waya, la vumbi au la programu, na vitu vya mwenyewe viko salama kwenye diski. Kwa hiyo shika jambo hili moja kabla ya mengine yote: kompyuta ikigoma, anza kukagua vitu visivyogharimu fedha, na usimruhusu mtu yeyote aifute mpaka vilivyomo vimenakiliwa.

Sasa tuikague pamoja. Bonyeza kitufe cha kuwashia, kisha tazama na usikilize. Jiulize: inakwama wapi? Kuna hali nne. Ya kwanza, hakuna taa wala sauti yoyote. Ya pili, taa zinawaka na feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Ya tatu, yanatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na haiendelei. Ya nne, Windows inaanza lakini haifiki mwisho. Tuzichukue moja baada ya nyingine.

HALI YA KWANZA: HAKUNA TAA WALA SAUTI

Hapa shaka yetu ya kwanza ni umeme, si kompyuta. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu isipochaji, umekwisha kupata jibu. Ikichaji, jaribu waya mwingine wa umeme, kwa sababu waya hukatika kwa ndani huku kwa nje unaonekana mzima.

Kama unatumia umeme wa sola, kumbuka kwamba kompyuta ya mezani inakula umeme mwingi kuliko laptopu. Chaja za laptopu nyingi ni wati 45 hadi 65. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake huweza kupita wati 100, na nyingine hupita 200. Inveta ndogo inayochaji laptopu bila shida inaweza kushindwa kabisa kuwasha ya mezani, au ikaiwasha kisha ikaizima. Kabla ya kusema mashine imekufa, ipeleke ukaijaribu mahali penye umeme wenye nguvu.

Kwa kompyuta ya mezani, angalia nyuma pale waya wa umeme unapoingia. Mara nyingi kuna swichi yenye alama mbili, mstari na duara. Mstari maana yake imewashwa, duara maana yake imezimwa. Mara ngapi mtu anafagia chumba, anaigusa swichi hiyo bila kujua, kisha fundi anaitwa! Mashine nyingine za mitumba zina pia kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Katika nchi zetu umeme ni kati ya volti 220 na 240, kwa hiyo ni lazima kisome 230. Ukiichomeka mashine wakati kiswichi kinasoma 115, kisanduku chake cha umeme kitaungua. Kama unahitaji kukibadilisha, kwanza chomoa waya kwenye soketi.

Na kisanduku hicho cha umeme usikifungue kamwe, hata kama waya umechomolewa. Ndani yake kuna vifaa vinavyobaki na umeme kwa muda, na umeme huo unaweza kukudhuru. Kikiwa kibovu, hubadilishwa kizima.

Kwa laptopu, soma karatasi iliyo kwenye chaja, kisha soma iliyo chini ya laptopu. Volti ziwe sawa. Ampia za chaja ziwe sawa na zinazotakiwa, au zaidi. Chaja ya kuazima isiyolingana huweza kukataa kuiwasha mashine au hata kuiharibu.

Chaja ikiwa nzuri, fanya hivi. Chomoa chaja. Toa betri kama inatoka. Chomoa flashi, mausi na kila kilichochomekwa. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia, hesabu hadi 30. Kisha chomeka chaja peke yake, bila betri, na uiwashe. Laptopu nyingi zilizoganda huamka kwa njia hii. Ikiwaka bila betri na ikakataa ukiirudisha betri, mbovu ni betri.

Onyo moja hapa. Ukiona betri imevimba, au mgongo wa laptopu umeinuka, usiichaji tena, usiitoboe na usiibonyeze. Betri ya namna hiyo inaweza kuwaka moto, na nyumba zetu ni za turubai na nyasi. Itoe nje, mbali na watoto, kisha umwite fundi.

HALI YA PILI: TAA ZINAWAKA, KIOO NI CHEUSI

Hapa kompyuta inapata umeme, lakini huoni kitu. Anza na kioo chenyewe. Kioo cha kompyuta ya mezani kina waya wake wa umeme na kitufe chake. Je, kimewashwa? Waya wa picha umekaza pande zote mbili? Kama nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya kuchomeka waya wa picha, jaribu yote mawili.

Kwa laptopu, ingia mahali penye giza, uiwashe, kisha ummulike tochi ya simu kwenye kioo kwa ubavu. Ukiona picha hafifu, furahi: kompyuta ni nzima, kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo. Iunganishe na televisheni au kioo kingine kwa waya, na utaweza kunakili vitu vyako vyote hata kabla ya matengenezo.

Ukiwa huoni chochote, sasa tunakuja kwenye RAM, ile iliyomsumbua yule mama. Vumbi la kambini ni jembamba, linaingia kila mahali, na linakaa kwenye meno ya dhahabu ya kadi hiyo. Kompyuta isipoisoma RAM, haiwezi kuonyesha kitu.

Zima mashine, chomoa umeme, toa betri. Gusa chuma kisicho na rangi, kama mwili wa mashine, ili umeme mdogo ulio mwilini mwako uondoke. Umeme huo hatuusikii, lakini unaweza kuua kadi. Fungua mfuniko kwa bisibisi inayolingana. Sukuma vishikizo vya pembeni, kadi itainuka yenyewe. Ishike kwa kingo zake. Chukua raba safi ya kufutia penseli, usugue meno ya dhahabu taratibu pande zote mbili, kisha upangushe mabaki kwa kitambaa kikavu. Tundu lake lisafishe kwa brashi laini na kavu. Usitumie maji, wala usipulize kwa mdomo, maana mate huingia. Irudishe kadi, ibonyeze mpaka isikike ikikaza. Kama kadi ni mbili, jaribu na moja kwanza, kisha na nyingine. Kwa namna hiyo utajua ipi ni mbovu.

Na ukiiwasha ukasikia milio, usiidharau. Hesabu ni mingapi, mirefu au mifupi, na uandike. Kila kampuni ina maana yake ya milio, na fundi mzuri atafurahi kupata hesabu hiyo.

HALI YA TATU: MAANDISHI MEUPE KWENYE KIOO CHEUSI

Usizime mara moja. Piga picha maandishi hayo kwa simu, hata kama huyaelewi. Kisha chomoa flashi zote. Mara nyingi kompyuta inajaribu kuanzia kwenye flashi iliyosahauliwa, inakosa Windows humo, inasimama.

Kama maandishi yanasema saa au tarehe si sahihi, au kila ukiiwasha inakuomba ubonyeze F1, tatizo huenda ni betri ndogo ya mviringo kama sarafu. Kwenye kompyuta nyingi ni ya aina ya CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio umeme unapokatika. Ni betri ya bei ndogo na inapatikana kwenye maduka yanayouza betri za saa. Ukiibadilisha, weka tarehe upya. Tarehe isiyo sahihi hufanya hata kurasa za intaneti zikatae kufunguka.

Kama maandishi yanasema "No bootable device" au "Operating system not found", maana yake kompyuta haioni mahali Windows ilipo. Hiyo haina maana kwamba vitu vyako vimefutika. Kwenye kompyuta ya mezani, waya wa diski unaweza kuwa umelegea. Uchomoe na uukaze upya, umeme ukiwa umechomolewa.

Lakini sikiliza diski kwa makini. Ikitoa sauti ya kugonga, ta, ta, ta, zima mashine na usiiwashe tena. Diski hiyo inakufa, na kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa vilivyomo. Hapa ndipo watu wanapopoteza picha na vyeti: wanaendelea kujaribu mara ishirini.

HALI YA NNE: WINDOWS INAANZA HAIFIKI

Kwanza uwe na subira. Kama kioo kinaonyesha asilimia na kusema kompyuta inajisasisha, iache, hata kwa saa nzima au zaidi. Ukikata umeme katikati, unaweza kuleta tatizo ambalo halikuwapo.

Kama haisongi kabisa, chomoa vyote vya nje ubaki na kibodi na mausi tu, ujaribu tena. Bado? Kwa Windows 10 na 11 kuna njia ya kuita ukurasa wa matengenezo. Iwashe, na nembo ikitokea, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Fanya hivyo mara mbili au tatu mfululizo. Ukiiwasha tena, italeta ukurasa huo yenyewe. Kama Windows yako ni ya Kifaransa, maneno yatakuwa ya Kifaransa, lakini mpangilio ni uleule.

Humo anza na "Startup Repair". Ikishindwa, rudi uondoe sasisho la mwisho. Ikishindwa hiyo nayo, jaribu "System Restore", ambayo hurudisha mipangilio ya siku za nyuma bila kugusa barua na picha zako. Sasa sikiliza vizuri: katika ukurasa huohuo kuna neno "Reset this PC". Ukilibonyeza, litakuuliza kama unataka kubaki na mafaili yako, "Keep my files", au kuondoa kila kitu, "Remove everything". Neno hilo la pili ndilo lingemaliza hesabu za kile kikundi. Usilibonyeze kwa haraka, wala usimwachie mtoto achague.

Kompyuta nyingine zitakuomba namba ndefu ya tarakimu 48 inayoitwa ufunguo wa BitLocker. Usibahatishe. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiandikisha kompyuta mara ya kwanza. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu uutafute. Ukinunua kompyuta ya mtumba, muulize muuzaji jambo hili kabla ya kutoa fedha.

KUOKOA VILIVYOMO

Windows ikishindikana kabisa, bado kuna mlango. Mwombe rafiki mwenye kompyuta nzima akutengenezee flashi ya GB 8 yenye Linux, kwa mfano Linux Mint. Programu hiyo ni ya bure. Washa kompyuta yako flashi ikiwa imechomekwa, na ubonyeze kitufe cha kuchagua pa kuanzia: kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni Esc au F9. Chagua flashi. Kompyuta itawaka kwa kutumia flashi, bila kugusa Windows yako. Usibonyeze neno la kuisakinisha. Fungua diski yako, nakili vitu vyako kwenye flashi nyingine, kisha zima. Baada ya hapo, hata fundi akifuta, amefuta chombo tu.

UKIENDA KWA FUNDI

Mweleze inakwama kwenye hali ipi kati ya zile nne, umejaribu nini, na mwonyeshe picha uliyopiga. Mwambie wazi, mbele ya shahidi ikiwezekana: "Usifute kitu kabla ya kuniuliza." Kubalianeni bei kabla hajafungua.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wakimbizi zaidi ya wengine. Ndani ya kompyuta zetu mna nakala za vitambulisho, barua za kesi zetu, majina ya ndugu waliobaki nyumbani na picha zao. Anayeishika diski yako anaweza kuyasoma yote. Kama tatizo ni chaja, kioo au kibodi, mwombe fundi aitoe diski mbele yako, ubaki nayo nyumbani mpaka kazi iishe. Fundi mwaminifu hatakasirika. Vilevile, ukipiga nakala ya hati zako kwenye kompyuta ya duka, hakikisha zimefutwa humo kabla hujaondoka.

Mwisho, kinga. Funika kompyuta kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa. Usiiweke chini ardhini. Jua saa jenereta inapozimwa, uifunge kompyuta robo saa kabla. Na kila wiki nakili vitu muhimu kwenye flashi, uihifadhi nyumba nyingine, si katika mfuko uleule wa laptopu. Kama ni mali ya kikundi, andikeni pia kwenye daftari.

Yule mama katibu alirudi kwenye kikundi chake siku ileile. Wakagawana fedha zao kama walivyopanga, na kila mtu akapata haki yake. Leo kikundi kina daftari lililotiwa saini kila mkutano, na flashi inakaa kwa mwenyekiti. Aliponisimulia hayo, aliniambia kwamba kilichomuuma si laptopu kuharibika, bali majirani kumwona mwizi kwa siku mbili.

Basi, ndugu msikilizaji, kama kuna kompyuta iliyolala kwenye kona ya nyumba yako ikidhaniwa imekufa, itoe leo, ianze kwenye soketi, ufuate hatua hizi. Huenda haijafa.